Maswali mnayoniuliza sana kuhusu hesabu za kufanya maamuzi, majibu kutoka Newala

Nafundisha hesabu sekondari huku Newala, mkoa wa Mtwara, na pia ni katibu wa kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopa, tuko wanachama 30. Tangu ile siku tulipopiga kura kwa korosho (nitaieleza huko chini) watu wananiuliza maswali yaleyale, kwenye simu, msibani, gengeni, kwahiyo nimeyaweka pamoja hapa. Namba za bei humu ni za mfano, toa zangu weka za kwako.

Hii hesabu ya maamuzi ndo nini, na mi mkulima inanihusu nini?

Ni kuandika kwenye karatasi mambo ambayo kichwani yanakimbizana: unaweza kufanya nini, nini kinaweza kutokea, na kila kitakachotokea kina thamani gani kwako. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Pascal na Fermat, waliandikiana barua kuhusu wacheza kamari waliokatishwa mchezo kabla haujaisha, wagawaneje hela iliyowekwa, na humo ndo likakua wazo la kupima kitu ambacho bado hakijatokea.

Iko ya mtu mmoja na iko ya kundi. Ya mtu mmoja shida yake ni kwamba kesho huijui. Ya kundi ina shida nyingine kabisa: hata kila mtu akijua vizuri anachotaka, bado namna ya kujumlisha matakwa ya watu inaweza kubadilisha jibu. Hili la pili wengi hawajawahi kulisikia, na ndo lililonifanya nikae niandike.

Mwalimu, mwezi wa nane ndani hamna kitu na kangomba yuko mlangoni na hela taslimu. Nikatae kwa hesabu gani?

Kangomba, yaani kununua korosho za mkulima kwa bei ya chini nje ya mnada, mara nyingi hata kabla hajavuna, imekatazwa, hilo mnalijua, ila mtoto anayetakiwa kuwa na sare Jumatatu hawezi kusubiri mnada, kwahiyo tuhesabu.

Tuseme anakupa 1,500 kwa kilo leo, korosho utampa ukivuna. Mnadani huko mbele, baada ya makato, unaweza kupata 2,000, au 2,800, au 3,500. Ukiona uwezekano wa 2,000 ni 2 kwa 10, wa 2,800 ni 5 kwa 10, na wa 3,500 ni 3 kwa 10, unazidisha kila bei na uwezekano wake alafu unajumlisha: 400, 1,400 na 1,050, jumla 2,850. Huo ni wastani wa kutegemea, siyo bei utakayoiona, maana 2,850 yenyewe wala haimo kwenye zile bei tatu. Ni kipimo cha kulinganishia tu.

Sasa mtu anaangalia 2,850 na 1,500 anasema aah, anayeuza kangomba hajui hesabu. Siyo kweli na mi sipendi maneno hayo. Daniel Bernoulli aliandika mwaka 1738 kwamba shilingi haina uzito uleule kwa kila mtu: 10,000 kwa asiye na kitu ni kubwa sana, kwa tajiri hata hajui kama imeingia. Kwahiyo anayechukua 1,500 leo hajakosea kuhesabu, ila 1,500 ya leo anaipima kwa njaa ya leo, na hiyo njaa lazima iingie kwenye hesabu na yenyewe.

Ndo maana swali zuri ni: unahitaji shilingi ngapi hasa? Tuseme 150,000. Kwa kangomba hiyo ni kilo 100. Kilo 100 hizohizo mnadani kwa wastani ni 285,000. Ukikopa kikoba 150,000 kwa riba ya 10 kwa 100 kila mwezi, miezi 3 unarudisha 195,000, unabaki na 90,000 mkononi ambazo kwa kangomba usingezipata. Alafu angalia hapa, hapa ndo nawaomba sana mpaangalie: chukua bei mbaya kuliko zote, 2,000. Kilo 100 ni 200,000, unalipa deni, unabaki na 5,000. Yaani mkopo unashinda hata bei ikiwa mbaya, kwahiyo hapo huhitaji hata kujua uwezekano ni ngapi kwa kumi. Ukiona njia inashinda kwa kila hali, acha kuhesabu, ichukue.

Ila malipo yakichelewa mpaka mkopo ukafikisha miezi 4 deni linafika 210,000, na bei ikiwa ni ileile 2,000 unatoa 10,000 mfukoni. Kwahiyo kabla ya kukopa uliza amcos, chama chenu cha msingi cha ushirika, msimu uliopita hela iliingia benki baada ya siku ngapi tangu mnada, swali hilo moja lina thamani kuliko mahesabu yangu yote hapo juu.

Na kosa ninaloliona kila mwaka ni mtu mwenye shida ya 150,000 kuuza mavuno yote, tuseme kilo 400. Shida ilikuwa ya kilo 100, zile kilo 300 nyingine zilikuwa hazina shida yoyote.

Hizo "3 kwa 10" unazitoa wapi? Si unabuni?

Nakadiria, na kukadiria kuna kazi yake. Chukua daftari uandike bei za misimu iliyopita unayoikumbuka au uliyo na stakabadhi zake. Misimu 10, mara ngapi ilikuwa chini ya 2,500, mara ngapi katikati, mara ngapi juu. Hapo umeshapata pa kuanzia. Alafu ndo unasogeza kidogo kwa habari za mwaka huu, mvua iliyonyesha mikorosho inatoa maua, ubwiri unga (ugonjwa unaoshambulia maua ya mikorosho), salfa ya kuupulizia imefika kwa wakati au haikufika.

Ila acha nafasi ya jambo ambalo halimo kwenye daftari. Mnakumbuka 2018. Msimu wa nyuma yake bei ilipanda sana, kwahiyo Oktoba ilipokuja na bei ambazo hazikufika 3,000 wakulima huku kwetu wakazikataa mnadani, na Novemba serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kusomba. Nani alikuwa ameandika hilo kwenye daftari lake mwezi wa nane? Kwahiyo mi huwa naacha angalau 1 kwa 10 kwa kitu nisichokijua jina, na hela ya chakula cha nyumbani siiweki kwenye hesabu za bahati kabisa.

Mbona hasara ya 10,000 inaniuma kuliko faida ya 10,000 inavyonifurahisha?

Uko sawa na watu wengi. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba binadamu hapimi alichonacho, anapima amepanda au ameshuka kutoka pale alipokuwa, na kushuka kunauma kuliko kupanda kunavyofurahisha, mwaka 1992 wakakadiria ni kama mara mbili hivi. Kahneman alipewa Nobel ya uchumi mwaka 2002, Tversky alikuwa ameshafariki. Inasaidia nini? Ukijikuta unashikilia mzigo wa mbaazi ghalani kwa sababu tu "niliambiwa 1,200 siwezi kuuza 900", jiulize: leo ningekuwa na hela badala ya mbaazi, ningezinunua hizi mbaazi kwa 900 nizihifadhi? Kama usingezinunua, basi kinachokushikilia ni yale maumivu ya kushuka.

Natafuta chumba Mtwara mjini, nikisema "nitarudi" nakuta kimechukuliwa. Niangalie vingapi?

Hili lina jibu kamili. Kama una vyumba 10 vya kuona kimoja kimoja na huwezi kurudi nyuma, vya kwanza 3 viangalie tu ujifunze bei na hali, usichukue. Baada ya hapo chukua cha kwanza kitakachozidi vyote ulivyoona. Uwezekano wa kupata kile bora kabisa ni karibu 40 kwa 100, na hakuna mpango unaozidi hapo. Vikiwa vingi zaidi unaacha kama 37 kwa 100 ya mwanzo. Ukiona 40 ni ndogo kumbuka ukichukua chochote bila mpango ni 10 tu.

Hiyo siku ya kura za korosho ilikuwaje hasa?

Tulikuwa na akiba ya kununua kitu kimoja cha kikundi. Mapendekezo matatu: mashine ya kupulizia salfa, guta la matairi matatu la kubebea mizigo, au viti na maturubai ya kukodisha kwenye shughuli, maana si mnajua likizo ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili huku ni jando na unyago kila kitongoji. Tukaweka mabakuli matatu chini ya mwembe, kila mtu korosho moja ghafi, anapita anadondosha. Ukasikia ile sauti, tii, tii, kwenye bati. Mwenyekiti akamwaga kila bakuli kwenye mkeka tukahesabu kwa sauti: mashine 12, guta 10, viti 8. Watu wa mashine wakapiga vigelegele.

Mama mmoja mtu mzima akauliza taratibu tu, "Sasa sisi 18 ambao hatutaki mashine, tumeshindwaje na 12?"

Pale pakawa kimya. Nikawaomba waniruhusu niulize kila mtu siyo tu anachokitaka kwanza, ila cha pili na cha tatu pia. Ikawa hivi: wale 12 walitaka mashine, ikikosekana viti, mwisho guta. Wale 10 walitaka guta, likikosekana viti, mwisho mashine. Wale 8 walitaka viti, vikikosekana guta, mwisho mashine.

Sasa hesabuni pamoja na mimi. Ukisema mwenye nyingi ndo kashinda, ni mashine, 12. Ukisema lazima kupita nusu, wawili wa juu warudiane kama Kenya wanavyotaka kwa rais wao, zaidi ya nusu ya kura zote, basi viti vinatoka, wale 8 wanahamia guta, guta 18, mashine 12, limeshinda guta. Ukisema tupambanishe viwili viwili, viti na mashine ni 18 kwa 12, viti na guta ni 20 kwa 10, vimeshinda viti, tena kote kuwili. Ukitoa pointi, cha kwanza 2, cha pili 1, cha tatu 0, viti 38, guta 28, mashine 24, vimeshinda viti tena, na mashine iliyoshangiliwa imekuwa ya mwisho.

Watu walewale 30. Hakuna aliyebadili mawazo, hakuna aliyeiba kura, na kila kitu kati ya vile vitatu kina angalau njia moja halali ya kushinda. Kwahiyo kanuni ya kuhesabu nayo inapiga kura, na kama hamjaichagua nyinyi kuna mtu kawachagulia, au mazoea yamewachagulia. Ndo maana nasema kila siku: kanuni ikubaliwe na iandikwe kwenye kitabu cha mihtasari KABLA mtu hajadondosha korosho, maana ukishajua matokeo kila mtu atapenda kanuni inayombeba.

Hizo njia ni zako?

Hapana jamani. Ya pointi ni ya Jean-Charles de Borda, alikuwa ofisa wa majini wa Ufaransa, aliieleza mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris mwaka 1770. Ya viwili viwili ni ya Condorcet, Mfaransa mwenzake, kitabu cha mwaka 1785. Hawa wawili walipingana kweli kuhusu njia ipi bora. Condorcet baadaye aliingia kwenye mapinduzi yao, akawekwa kizuizini na kufia humo mwaka 1794. Mi kwa vikundi vidogo napendelea ya viwili viwili, inaeleweka na bibi yeyote: hiki na hiki, unataka kipi?

Kwahiyo ya viwili viwili haina shida?

Inayo, na aliyeiona ni Condorcet mwenyewe. Chukua ndugu watatu walioachiwa mikorosho na mzee wao. Kaka mkubwa: kuuza, kisha kukodisha, mwisho kulima wenyewe. Dada: kukodisha, kisha kulima, mwisho kuuza. Mdogo wao: kulima, kisha kuuza, mwisho kukodisha. Pambanisha. Kuuza kunaishinda kukodisha, 2 kwa 1. Kukodisha kunaishinda kulima, 2 kwa 1. Basi kuuza kunaishinda kulima? Wapi. Kulima kunaishinda kuuza, 2 kwa 1. Wanazunguka tu. Kila mmoja wao peke yake ana akili timamu na mpangilio ulionyooka, ila wakikaa watatu kikao kinakuwa hakina mwisho, na ukoo unaanza kusema wale watoto hawaelewani, wana visirani, kumbe hamna mwenye kisirani.

Na cha hatari zaidi: hapo anayepanga ratiba ndo mshindi. Mkianza na kuuza dhidi ya kukodisha, anayebaki apambane na kulima, inashinda kulima. Mkianza na kukodisha dhidi ya kulima, alafu kuuza, inashinda kuuza. Mkianza na kulima dhidi ya kuuza, inashinda kukodisha. Inayoingia mwisho inachukua, kila mara. Kwahiyo kwenye kikao cha familia mtu akisema kwa upole "hebu tuanze na hili kwanza", muulize kwa nini hilo, kwa adabu lakini muulize.

Familia kama hiyo kura haitawatoa, wanahitaji kugawana, siyo kuchagua kitu kimoja kwa wote.

Wagawaneje sasa bila kugombana?

Wawili ni rahisi, mmoja agawe na mwingine achague. Anayegawa atahakikisha pande mbili zinalingana machoni pake, anayechagua anachukua anaoupenda, hamna wa kulalamika. 

Watatu na kuendelea iko njia ya Wapolandi, Banach na Knaster, ambayo mwenzao Steinhaus aliiandika miaka ya 1940. Wa kwanza anakata fungu analoona ni theluthi. Linapita kwa wa pili, akiona limezidi theluthi analipunguza, akiona sawa analiacha. Wa tatu vilevile. Aliyelipunguza mwisho analichukua anatoka, kama hakuna aliyepunguza anachukua aliyelikata. Wanaobaki wawili wanagawana kwa ile ya kukata na kuchagua. Kwa mikorosho kata kwa idadi ya miti na umri wake, siyo kwa eka tu, eka ya mikorosho iliyozeeka na eka ya miche iliyoanza kuzaa siyo kitu kimoja na ndugu wote wanajua.

Si itafutwe tu njia moja isiyo na kasoro tumalize?

Imetafutwa. Kenneth Arrow, Mmarekani, alionyesha mwaka 1951 kwamba kukiwa na machaguo matatu au zaidi, hakuna njia ya kupanga matakwa ya kundi inayotimiza masharti haya yote pamoja: ipokee mpangilio wowote wa watu, itoe mpangilio usiozunguka, wote wakipenda hiki kuliko kile na kundi liseme hivyo, kulinganisha vitu viwili kusitegemee kitu cha tatu, na asiwepo mtu mmoja ambaye neno lake ndo la kundi kila mara. Siyo kwamba hatujaipata bado. Haiwezi kuwepo, kama vile huwezi kupata namba shufwa iliyo witiri. Nobel alipewa 1972.

Na kukiwa na machaguo mawili tu, shwari kabisa, Kenneth May alionyesha 1952 kwamba wingi wa kura ndo njia pekee inayowatendea sawa watu wote na machaguo yote mawili na inayoitikia mtu anapohamia upande mmoja. Shida inaanza kwenye tatu.

Mi habari hii hainikatishi tamaa. Inaniambia niache kutafuta njia safi nianze kuuliza: kwenye kikao HIKI kasoro ipi tunaweza kuishi nayo?

Watu wanaweza kudanganya kwenye kura bila kuiba?

Ndiyo, na wengi wanafanya wakidhani ni ujanja wao wenyewe. Rudi kwenye korosho zetu. Tungekuwa tunatumia kurudiana, watu 3 tu kati ya wale 12 wa mashine wangedondosha kwenye viti raundi ya kwanza: mashine 9, guta 10, viti 11. Mashine inatoka, viti vinapiga guta 20 kwa 10. Wamekosa mashine ila wamekwepa guta wasilolitaka kabisa. Allan Gibbard mwaka 1973 na Mark Satterthwaite 1975 walionyesha kila mtu kivyake kwamba machaguo yanayoweza kushinda yakiwa matatu au zaidi, njia yoyote ya kura inayotoa mshindi mmoja bila bahati nasibu na isiyo ya mtu mmoja kuamua peke yake ina mahali ambapo mtu anafaidika kwa kutosema ukweli. Kwahiyo mkiona mtu kapigia cha pili chake msimtukane, njia ndo imemsukuma.

Ivi wengi wakikaa pamoja wanapatia zaidi au wanakosea zaidi?

Inategemea mambo mawili na yote mna uwezo nayo.

Chukua swali lenye jibu sahihi, kwa mfano mnunuzi huyu atalipa au hatalipa. Tuseme kila mmoja peke yake anapatia mara 60 kwa 100. Watatu wakipiga kura wingi wao unapatia karibu 65 kwa 100. Watano, 68. Watu 101, zaidi ya 97. Hii nayo ni ya Condorcet, 1785. Lakini geuza: kila mmoja akiwa anapatia mara 40, watatu wanashuka mpaka 35, na mkiongezeka mnazidi kuzama. Wingi unakuza mlichonacho, ujuzi au ujinga.

La pili, na huku kwetu ndo kubwa, kila mtu awe amefikiri mwenyewe. Watu 101 waliomsikiliza mtu mmoja na kufuata ni mtu mmoja. Kura ya kunyoosha mikono mbele ya mzee tunayemheshimu na aliyeongea kwanza, ile siyo kura 30, na wala mzee hana kosa, ni mpangilio tu wa kikao.

Francis Galton alichapisha mwaka 1907 habari ya maonyesho ya mifugo huko Plymouth, Uingereza, watu walikuwa wanakisia ng'ombe akishachinjwa na kusafishwa atakuwa na uzito gani. Karatasi 787. Akazipanga kwa mfuatano akachukua ya katikati: ratili 1,207. Uzito wa kweli 1,198. Wamekosea kwa kama kilo 4 tu kwenye ng'ombe wa kilo 543! Ila kila mmoja aliandika kwenye karatasi yake.

Kwetu sasa kabla ya kukisia chochote, mavuno, gharama, siku za mvua, kila mtu anaandika kwenye kikaratasi, asiyeandika ananong'oneza mweka hazina, tunapanga tunachukua ya katikati, alafu ndo wazee wanaanza kuongea. Mwanzoni shangazi mmoja alisema hii ni kukosa adabu. Siku ya tatu ya kufanya hivyo kikaratasi chake ndo kilikuwa cha katikati.

Mwenye hisa nyingi awe na kura nyingi?

Fikirieni vizuri, hisa na nguvu ni vitu viwili. Watu watatu, hisa 50, 49 na 1, na uamuzi unapita kwa 51. Wa 49 anajiona mkubwa karibu sawa na wa 50, siyo? Jaribuni: 50 na 49 wanapitisha, 50 na 1 wanapitisha, 49 na 1 ni 50, hawapitishi. Kwahiyo wa 49 na wa 1 wana nguvu sawasawa kabisa, wote wawili kazi yao ni kumsindikiza wa 50. Mwanasheria wa Marekani John Banzhaf alitumia hesabu hii mwaka 1965 kuonyesha kwamba kura za uzito zinaweza kumwacha mtu na kura nyingi na nguvu ndogo. Ushirika una kanuni ya mwanachama mmoja kura moja, na nikipiga hii hesabu naielewa kwa nini. Faida mgawane kwa hisa, maamuzi muamue kwa vichwa.

Si tuelewane tu bila kura, kama wazee wetu?

Kuelewana ni kuzuri, ila kwa hesabu kusubiri wote wakubali maana yake kila mmoja ana uwezo wa kuzuia, na msipokubaliana kinachoshinda ni hali iliyopo. Kama hali iliyopo ni nzuri, sawa. Kama mashine imeharibika na kila siku ubwiri unga unakula maua, kukaa bila uamuzi nako ni uamuzi, na wanaofaidika nao ni wale ambao mikorosho yao haijashikwa. Mi nashauri muweke siku, tukifika tarehe fulani hatujaelewana tunapiga kura kwa njia fulani, iandikwe.

Na mwisho mlinunua nini?

Siku ile hatukununua kitu. Tulilala na lile swali la yule mama, wiki iliyofuata tukaanza na kanuni: tukaandika kwenye kitabu kwamba machaguo yakizidi mawili tunapambanisha viwili viwili, yakizunguka tunatumia pointi, pointi zikilingana mtoto wa mwenyekiti anachota korosho kwenye kapu. Wote 30 wakaweka sahihi au dole gumba. Ndo tukadondosha upya, mabakuli mawili mawili, mara tatu. Viti vikashinda mashine 18 kwa 12, vikashinda guta 20 kwa 10.

Tulinunua viti 100 na maturubai 2. Wale 12 waliomba ajenda ya mashine iwe ya kwanza msimu ukianza, tumeiandika.